Bango la Somo Tulishone Wenyewe

Ndugu zangu wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, sikukuu ya somo wenu ikikaribia huwa mnafanya nini? Mnachangishana, mnamtuma kijana mmoja mjini, naye anarudi na bango la plastiki lenye picha ya mtakatifu iliyochukuliwa kwenye intaneti. Linabebwa kwenye maandamano, watu wanapiga nalo picha, kisha linakunjwa na kutupwa stoo. Hakuna hata mmoja wenu aliyelitolea jasho. Nasema desturi hii tuiache. Bango la somo tulishone wenyewe, kwa sindano na vitambaa, tumekaa pamoja.

Maaskofu wa AMECEA, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, nia ilikuwa Kanisa liishi mitaani na vijijini, watu wajuane kwa majina na kwa shida zao. Sasa tazameni mikutano yetu. Tunasoma Injili, wanazungumza wale wale watatu, orodha ya michango inasomwa, tunaagana. Kuna mama anayekaa pembeni, na mwaka unakwisha hajatamka neno. Akikosa elfu mbili ya mchango, wiki hiyo haji kabisa.

Mama huyo mpeni mkasi. Tandikeni mkeka uani, mtandaze juu yake shuka jeupe, na katikati mmwage mabaki ya vitenge mliyoomba kwa fundi cherehani. Huyu anakata umbo la mkono wa mtakatifu, yule anaupiga bandi usisogee, mwingine anafuata na mshono wenyewe. Watu wamelizunguka shuka, magoti yanagusana. Na kwa kuwa macho yote yako kwenye sindano, mtu husema jambo ambalo asingelisema akitazamwa usoni: mwanangu hajapiga simu tangu aondoke; dawa za mume wangu zimekwisha tangu Jumanne. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia mkekani. Kwenye kusomewa michango sijawahi kuyasikia. Na pale mkekani hakuna anayeulizwa ametoa shilingi ngapi, maana mkono wake unaonekana.

Watakaopinga watasema hatuna ujuzi. Wafungue Kutoka, sura ya 35 na ya 36. Hema la Bwana halikununuliwa dukani likiwa tayari. Wanawake walisokota nyuzi kwa mikono yao. Bezaleli na Oholiabu walijaliwa ufundi, na pamoja na ufundi wakajaliwa kuwafundisha wengine. Watu wakaleta vitu hadi Musa akalazimika kuwazuia. Ni harambee gani ya parokia zetu imewahi kufika hapo? Mimi naamini watu hutoa kwa moyo ule pale kazi inapokuwa yao.

Wengine watasema picha yetu haitafanana na ile tuliyoizoea. Na isifanane! Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alipochora kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, alimweka Kristo katika nchi ya Wakikuyu. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mkanada, alijenga pamoja na Wasukuma kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba yao, likapambwa kwa alama za utemi wa Kisukuma. Imani ya nani iliharibika? Basi Mtakatifu Monika wenu mvisheni kanga. Mtakatifu Yosefu ashike randa kama ile ya seremala wa mtaani kwenu.

Ila tahadhari. Kazi isiangukie kwa fundi mmoja hodari, wengine wakabaki kumsifu. Wala mshono wa mtoto wa shirika la Utoto Mtakatifu usifumuliwe kisirisiri kwa kuwa umepinda. Siku ya Misa atautafuta kwa macho, na akiukosa atajua kwamba hakuhitajika. Akina baba wa UWAKA, chama cha wanaume Wakatoliki, nao wasijifiche nyuma ya kuchonga fremu. Sindano haichagui, na mafundi cherehani wengi wa mitaani kwetu ni wanaume.

Anzeni miezi mitatu kabla ya sikukuu, saa moja baada ya kila mkutano. Mwenyekiti, wiki hii pita kwa fundi ukaombe mabaki, uwatangazie watu waje na sindano. Yule mama wa pembeni usimtumie ujumbe wa simu. Nenda kwake ukamwalike mwenyewe.