Joka Halihesabiwi Miguu

Picha ya jalada la toleo hili ilirudishwa kwa mchoraji mara mbili. Mara ya kwanza alituletea mnyama mwenye mabawa mawili na miguu miwili, kajiviringisha kwenye mdomo wa kisima. Kijana wetu mmoja hapa ofisini, ambaye filamu za fantasia anazijua kuliko sisi sote, akasema hilo si joka. Joka halisi, alisema, lina miguu minne na mabawa juu yake. Lenye miguu miwili ni jamii nyingine kabisa, Waingereza huliita waiveni. Mchoraji akaongeza miguu. Picha iliporudi, dada yetu anayesoma prufu akauliza ni kiumbe gani mwenye uti wa mgongo aliyepewa miguu minne kisha akaongezewa mabawa. Bawa la ndege ni mkono wake. La popo vilevile. Mchoraji akaikunja karatasi yake, akaniambia, "Mhariri, mkishaamua mtaniita."

Tumeamua. Na kwa kuwa ubishi huo ndio uliozaa toleo zima, nauweka uamuzi wetu hapa mbele ili msomaji aupime.

Kanuni ya miguu minne haikutoka kwenye visasili. Ilitoka kwa wataalamu wa nembo za koo wa Uingereza, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha ngao ya bwana huyu haichanganywi na ngao ya bwana yule. Katika karne ya 16 walikwisha kutenganisha: miguu minne joka, miguu miwili waiveni. Kwa kazi ya ngao ni utaratibu mzuri. Ila mafundi wa nchi nyingine za Ulaya hawakujifunga nao, na wachoraji waliotangulia hawakuwa na habari nao. Itazame picha ya Paolo Uccello iliyoko National Gallery, London, aliyoichora yapata mwaka 1470. Mtakatifu George yuko juu ya farasi mweupe, mkuki umelichoma joka kichwani, damu inadondoka. Nyuma yao pango limeachama. Binti mfalme amesimama kando, ametulia, mkononi kashika kamba iliyofungwa shingoni mwa joka, utadhani ametoka kulisha mbuzi. Mabawa ya joka yana madoa ya duara yaliyopangwa vizuri kama ya kipepeo. Na miguu? Ni miwili. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya picha ile akasema George hakuua joka.

Waliomo upande wa pili nao wana wakili mzito. George R. R. Martin, mwandishi wa riwaya zilizozaa tamthilia ya Game of Thrones, ameshikilia kwamba majoka yake lazima yawe na miguu miwili, kwa kuwa maumbile hayajatoa mnyama wa miguu minne na mabawa. Hoja ina nguvu. Lakini misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki ina mjusi mdogo mwenye miguu minne kamili, na mbavu zake zimerefuka nje ya mwili, akizikunjua hutandaza ngozi kama mwavuli na kuteleza hewani kutoka mti hadi mti. Linnaeus alipomwandika mwaka 1758 alimpa jina Draco volans, yaani joka lirukalo. Kweli, hapigi mabawa. Hata hivyo anatosha kutuonya tusiwe wepesi wa kuyawekea maumbile mipaka.

Watengenezaji wa filamu wenyewe wamekuwa wakiyumba. Katika filamu ya kwanza ya The Hobbit aliyoitoa Peter Jackson mwaka 2012, joka Smaug alionekana kidogo tu, akiwa na miguu minne. Mwaka uliofuata, filamu ya pili ilipotoka, alikuwa na miwili, anatembea kwa kuegemea mabawa. J. R. R. Tolkien alikuwa amemchora kwa mkono wake mwenyewe, kitabu kilipotoka mwaka 1937, akiwa na minne. Ni Smaug yule yule, na mtazamaji hakupotea hata dakika moja.

Tukirudi nyuma zaidi, miguu inazidi kupungua. Katika Rig Veda ya Wahindi yumo Vritra, aliyeyafungia maji yote ya milimani mpaka mungu Indra alipompiga kwa radi na mito ikaanza kutiririka kwenda baharini. Washairi wa kale wanamwita nyoka, na wanatamka waziwazi kwamba hana miguu wala mikono. Neno la Kigiriki drakon, lililozaa jina la joka katika lugha nyingi za Ulaya, lilikuwa na maana ya nyoka. Fafnir wa hadithi za watu wa Skandinavia anatambaa. Shujaa Sigurd alimuua kwa kuchimba shimo kwenye njia anayopita kwenda kunywa maji, akajilaza humo, akamchoma tumboni kutoka chini. Hapo mabawa hayatajwi, na mbinu yenyewe isingefaa kitu kwa kiumbe arukaye.

Kiswahili hakikuhitaji kufundishwa haya. Mtu akikuzwa huwa jitu, nyumba huwa jumba, nyoka huwa joka. Neno lenyewe limeshasema asili yake, na limesema kwamba kilichobadilika ni ukubwa. Limeacha wazi ukubwa huo ni wa namna gani, na hapo ndipo penye kazi.

Nilipokuwa darasa la saba, Tanga, tulikuwa na kibanda umiza karibu na stendi, na mtafsiri wake alikuwa na sauti ya kuweza kusimamisha basi. Siku moja ilionyeshwa filamu ya mnyama wa ajabu, jina lake silikumbuki tena. Mnyama alipopita angani mtafsiri akasema, "Dege hilo!" Alipotua na kuanza kutambaa kwenye mawe, akasema, "Kumbe kenge." Kisha kamera ikaingia pangoni, tukamwona amelala juu ya vikombe, mataji na sarafu, jicho moja limefunguka. Mtafsiri akanyamaza kidogo, halafu akasema taratibu, "Joka." Watoto wote tukasogea nyuma kwenye mabenchi. Umbo halikuwa limebadilika hata kidogo. Tulichokuwa tumekiona ni alichokilalia.

Huo ndio msimamo wa jarida hili. Ukitaka kujua kama kiumbe ni joka, uliza kimelalia nini, na nani anakosa kwa sababu kimelala hapo. Vritra alilalia maji. Joka la Silene, katika hadithi ya Mtakatifu George kama ilivyoandikwa na Jacobus de Voragine katika karne ya 13, lilikaa ziwani nje ya mji huko Libya. Watu walilipa kondoo wawili kila siku, kondoo walipopungua wakaanza kupiga kura za watoto wao, mpaka kura ikamwangukia binti mfalme. Joka la utenzi wa Beowulf lilikalia dhahabu ya watu waliokwisha kufa, ambayo halikuwa na matumizi nayo yoyote, likalala juu yake miaka 300. Kikaibwa kikombe kimoja tu, likatoka usiku kuchoma nyumba za nchi nzima. Tolkien, aliyeusomesha utenzi huo chuoni, alikipeleka kikombe kile kile mikononi mwa Bilbo wa The Hobbit.

Ngano zetu za pwani zinakwenda mbele zaidi, maana zinatuonyesha kiumbe wa namna hii anavyokua. Askofu Edward Steere alichapisha mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa Zanzibar, na mojawapo ni ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka alianza kula mifugo ya sultani. Watu wakalalamika, sultani akawajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Akala mbuzi, akala ng'ombe. Jibu likabaki lile lile. Akaanza kula watu, akaingia msituni, akawa nunda. Sultani hakusadiki mpaka walipoliwa watoto wake mwenyewe.

Ndipo kitinda mimba akatoka kwenda kumtafuta. Hajawahi kumwona, kwa hiyo kila anachokiua anamletea mama yake na kumuuliza kama ndiye. Analeta mbwa. Analeta punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara mama anamwambia siye. Mwisho anamkuta mnyama amelala chini ya mti, anaanza kuzihesabu alama alizoambiwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa kama ya ngawa, mkia mnene. Sijui kama ipo hadithi nyingine inayolichukulia swali letu kwa uzito kiasi hiki. Mtoto yule anatambua nunda kwa alama za mwili, sawa na vijana wetu wanaohesabu miguu, na anafanikiwa. Lakini alama zile ni za paka. Anayejua kwa nini paka yule anaitwa nunda ni mama, aliyebaki nyumbani akihesabu watoto.

Na kwa kuwa twiga ametajwa: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa Yongle, mfalme wa China wa ukoo wa Ming. Walioko barazani walimtazama mnyama huyu mrefu, mpole, mwenye kwato na ngozi ya mabaka, wakatamka kwamba ni qilin, kiumbe wa visasili vyao ambaye hujitokeza mtawala akiwa mwadilifu. Mama wa kijana wa Zanzibar aliletewa twiga akasema siye. Baraza la China likaletewa twiga likasema ndiye. Twiga yule hakubadilika njiani. Kila upande ulimpima kwa jambo ulilokuwa ukilingojea.

Kwa kipimo hiki baadhi ya filamu zinasomeka upya. How to Train Your Dragon ya mwaka 2010 imejaa viumbe wenye mabawa wanaoitwa majoka, na kipenzi cha watoto, Toothless, ana miguu minne kama kanuni ya ngao inavyotaka. Lakini viumbe hao wanaiba kondoo kwa hofu, ili kulisha dubwana moja kubwa lililomo ndani ya mlima. Asiyepeleka chakula cha kutosha huliwa yeye. Joka la filamu ile ni moja tu, lile la mlimani. Wengine ni wanyama walioonewa, sawa na watu wa kijijini. Katika Game of Thrones wanyama wa Daenerys ni silaha kuliko kitu kingine, na waliolalia kitu kwa mtindo wa joka ni wanadamu waliokigombania kiti cha enzi. Nasoma hivyo kwa sababu mwishoni, mwaka 2019, Drogon, mmoja wa wanyama hao, anakigeuzia moto kiti chenyewe na kukiyeyusha.

Ipo pingamizi moja ambayo siwezi kuipita haraka. Kiumbe ambaye Wachina humwita long hamfungii mtu maji. Huleta mvua, na watu humfurahia. Je, naye ni joka? Mwaka 2024, mwaka wake kwa kalenda ya Kichina, vyombo vya habari vya China vinavyoandika kwa Kiingereza vilianza kuliacha lile jina la Kizungu na kuandika loong, ili asichukuliwe kuwa ndugu ya yule wa George. Nawaelewa. Hata hivyo katika Safari ya Magharibi, riwaya ya karne ya 16, yumo mfalme long wa mto aliyeamriwa na mbingu anyeshe mvua kwa saa na kipimo maalumu. Akachelewesha saa, akapunguza kipimo, ili amshinde mpiga ramli mmoja, na kwa kosa hilo akakatwa kichwa. Kumbe naye amekabidhiwa maji, na anahukumiwa kwa jinsi anavyoyatoa. Haku, katika filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001, ni roho ya mto uliofukiwa yakajengwa majumba juu yake. Nimeitazama mara nyingi, na bado pale anapokumbushwa jina lake magamba yakapukutika, nashindwa kujizuia. Ni mlinzi aliyenyang'anywa maji yake.

Na karibu na kwetu, huko Nyakach nchini Kenya, mwaka 2003 alionekana chatu mkubwa ambaye wenyeji walimwita Omieri, na wengi wakampokea kama baraka ya mvua na mavuno. Kwa msomaji aliyelelewa na Ufunuo, sura ya 12, neno joka linamletea Ibilisi mwenye vichwa saba. Kumwita Omieri joka mbele ya msomaji huyo ni kumchongea.

Kwa hiyo katika kurasa zinazofuata utakuta tumeandika joka kwa kiumbe aliyeshikilia kitu ambacho watu wanakihitaji, awe na miguu mingapi. Wa China tumemwachia jina lake, long, kwa sababu wenyewe wameomba. Omieri tumemwita Omieri. Neno dragoni tumelitumia pale tu ambapo mhusika katika filamu analitamka. Wafasiri watakaokasirika waniandikie, nitachapisha barua zao.

Wewe msomaji nakuomba jambo moja. Ziwa lenu, mto wenu, pango au mlima wa kwenu, kama kuna nyoka anayesimuliwa hapo, tuandikie jina lake kama wazee wanavyolitamka, na utuambie analinda nini au amezuia nini. Ukurasa wa mwisho wa toleo lijalo tumeuacha kwa ajili ya majibu yenu.

Mchoraji tumemwita. Jalada ulilolishika ni ile karatasi yake ya kwanza: mabawa mawili, miguu miwili, na kisima.