Stelingi Amekufa Mara Mbili

Ng'ong'ona, Dodoma. Jumapili usiku, upepo kama kawaida yake.

 Nimekasirika, na kwa kuwa jana usiku nilishindwa kwa kura na si kwa hoja, mjadala naumalizia hapa ambapo hakuna wa kunikatisha.

Kisa chenyewe hiki. Jana tulijazana chumbani kwetu watu saba, laptopu moja, spika moja yenye kikohozi, na karanga za kukaanga. Mgosi (si jina lake, ila katokea Tanga, kwa hiyo ataitwaje tena?) alikuja na flashi yenye muvi mbili. Psycho ya mwaka 1960 ya Alfred Hitchcock, na Psycho ya mwaka 1998 ya Gus Van Sant, ambayo ni ileile imerudiwa. Tukaziangalia mfululizo, ya zamani kwanza. Zilipoisha ilikuwa inakaribia saa saba usiku, tukapiga kura ipi kali. Watano wakasema ya 1998. Wawili, yaani mie na shoga yangu ninayekaa naye, tukasema ya 1960. Sababu ya wale watano? Eti ina rangi!

Kama hujaziangalia na unataka kuziangalia, ishia hapa. Sitanii. Nakwenda kusema nani anakufa.

Nimekulia Mpwapwa, na mtu yeyote aliyekulia mji wenye kibanda umiza anaijua sheria namba moja ya sinema: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Watoto tulikuwa tunakaa chini kwenye mkeka na hatuna wasiwasi hata kidogo, maana tunajua. Akifa kabla ya mwisho basi huyo hakuwa stelingi, tulimkosea tu.

Sasa angalia alichofanya Hitchcock. Alimchukua Janet Leigh, mwigizaji mwenye jina kubwa, akamfanya Marion Crane, karani wa ofisi kule Phoenix, Arizona. Marion anaiba dola 40,000 alizopewa akaziweke benki, anakimbia na gari. Tunakimbia naye. Polisi anamsimamisha, jasho linatutoka sisi. Mvua inanyesha, anapotea njia, anaingia kwenye moteli ya kijana mmoja mpole, mwembamba, mwenye aibu, Norman Bates, anaigizwa na Anthony Perkins. Marion anakula mkate na maziwa huku ndege waliokaushwa wanawaangalia kutoka ukutani. Marion anaamua kesho atarudisha hela. Anaingia kuoga... na anauawa bafuni. Hata saa moja ya muvi haijatimia! Stelingi kafa, hela zimefungwa kwenye gazeti na hakuna anayejua zipo, na sisi tumebaki hatuna wa kumshika mkono.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia yule mzee. Anayebaki ni Norman, anadeki bafu. Anaiweka maiti kwenye buti la gari, analisukuma gari kwenye dimbwi la matope. Gari linazama, linazama, halafu linasimama kidogo. Wote saba, narudia, wote saba mle chumbani tulishika pumzi tukiomba gari lizame! Maiti ya dada wa watu imo humo, na tunamuombea mafanikio anayeificha. Lilipozama mtu mmoja akapumua kwa nguvu, halafu akajishtukia. Hiyo ndiyo maana ya muvi ya kuchezea akili. Damu ni kitu kidogo (na damu yenyewe wanasema ilikuwa sharubati ya chokoleti, ndiyo raha ya picha isiyo na rangi). Kinachotisha ni kujikuta umeshahamia upande mwingine na hukumbuki ulivuka saa ngapi.

Na mzee aliilinda siri yake kwa wivu. Hadithi ilitoka kwenye kitabu cha Robert Bloch cha mwaka 1959, haki zake zikanunuliwa kimyakimya. Studio haikutaka kutoa hela ya maana, akatumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni, bajeti ikawa kama dola laki nane tu. Tukio la bafuni halifiki dakika moja lakini lilichukua siku saba kupigwa. Muziki wa Bernard Herrmann ni nyuzi tupu, hakuna ngoma wala tarumbeta. Na kwenye majumba ya sinema ikawekwa amri: muvi ikishaanza hakuna kuingia, hata uwe nani. Kwa sababu ukichelewa utakaa unamsubiri Janet Leigh na wakati huo yuko dimbwini.

Haya, tuje 1998. Van Sant alikuwa ametoka kutamba na Good Will Hunting ya mwaka 1997, milango iko wazi, angeweza kuomba chochote. Akaomba kuirudia Psycho, picha kwa picha. Kamera inakaa palepale, maneno ni yaleyale ya Joseph Stefano yamepunguzwa hapa na pale, muziki ni uleule. Dola 40,000 zikawa 400,000 maana maisha yamepanda. Anne Heche akawa Marion, Vince Vaughn akawa Norman. Hata kile kijitabia cha Hitchcock cha kupita mbele ya kamera kwenye muvi zake mwenyewe kimeigizwa, kuna mtu wa umbo lake anaonekana nje ya ofisi.

Hoja ya Mgosi ni hii, nainukuu nisimuonee: "Ticha, huyu jamaa kawa mwaminifu. Hajaharibu kitu. Kaongeza rangi tu." Watu wakapiga meza.

Mwaminifu? Kwa nani? Mwaka 1998 kuna nani aliyeingia sinema hajui kwamba mwanamke atakufa bafuni? Tukio lile lilikuwa limeshaigwa, limeshataniwa, limeshawekwa kwenye vichekesho. Mwaka 1960 kumuua Marion kulikuwa kuvunja sheria ya stelingi. Mwaka 1998 kumuua Marion kulikuwa kuifuata ratiba. Umenakili kila kitu ukaacha kitu kimoja tu, kile cha mtazamaji kutojua, na muvi nzima ilisimama juu ya hicho. Angetaka uaminifu wa kweli angemuacha Marion aoge, ajifute, alale, kesho yake arudishe hela! Hapo ndipo watu wangechanganyikiwa kama bibi zao walivyochanganyikiwa.

Na Norman je. Perkins ana uso wa kijana ambaye ungemuachia mtoto wako akushikie. Vaughn ni pande la mtu, anacheka kicheko ambacho ukikisikia moteli usiku unarudi kwenye gari mbio. Sasa kama nimeshamshuku tangu mapokezi, nitahamaje upande wake? Gari lilipozama la pili watu walikuwa wanamenya karanga. Nilikuwa nawahesabu.

Tena ajabu, pale alipoongeza cha kwake ndipo nilipochoka kabisa. Marion anakufa, ghafla yanapita mawingu. Yule mpelelezi Arbogast anachomwa kisu kwenye ngazi, ghafla anatokea mwanamke nusu uchi, halafu ng'ombe kasimama katikati ya barabara. Ng'ombe, jamani! Ng'ombe barabarani nimemuona Ijumaa nikienda mjini, daladala ikamsubiri apite, hakuna aliyeogopa.

Nisiwe mchoyo, yapo mawili nampa. Mwanzo kabisa kamera inaruka juu ya mji mpaka inaingia dirishani kwa pumzi moja. Hitchcock aliitaka hivyo, vifaa vya wakati ule vikamgomea, Van Sant akamtimizia. Na Julianne Moore kama Lila, mdogo wake Marion, kwangu ana moto kuliko Vera Miles. Basi.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma, ambacho jana sikukisema mbele ya watu.

Kabla Marion hajaingia kuoga, Norman anatoa picha ukutani na nyuma yake kuna tundu. Anachungulia. Mwaka 1960 Hitchcock anakuonyesha jicho tu, kwa ubavu, kubwa, limetulia, halafu anakupeleka wewe kwenye tundu. Unayeangalia sasa ni wewe. Chumba kilikuwa kimya, wadau. Kaka mmoja ambaye huwa hanyamazi akainuka eti anatafuta chaja, na simu yake ilikuwa imejaa. Kwenye ile ya 1998, Vaughn anachungulia na huku kuna sauti zinazoeleza anachokifanya, sitaziandika maana mama mdogo anasoma haya. Na chumba kikacheka! Vijana wote. "Jamaa katisha!" Wakapigana makofi.

Mie na shoga yangu tukaangaliana.

Bafu letu la nje ni mabati. Tunaoga kwa ndoo na kopo, usiku ndiyo kunakuwa na nafasi. Wiki tatu zilizopita niliona tundu usawa wa kifua. Nikamwambia baba mwenye nyumba, akasema hizo ni alama za misumari ya zamani, binti usiwe na wasiwasi. Nikaziba kwa bigijii. Alhamisi nimekuta bigijii imeanguka ndani, imesukumwa kutoka nje. Naoga nimevaa kanga tangu siku hiyo.

Kwa hiyo mnaposema zote mbili ni sawa, moja tu ina rangi, naomba nibishe mpaka asubuhi. Ya kwanza ilimkamata anayechungulia ikamuonyesha jicho lake mwenyewe, akainuka kutafuta chaja. Ya pili ilimpa kichaa wa kumcheka, akabaki amekaa raha mustarehe, yeye hayumo. Kamera imesimama palepale, tundu ni lilelile, na ile kazi imepotea.

Mtasema basi huyu dada hataki kitu kirudiwe. Nataka! Nasoma Kiswahili na Historia, nitakwenda kufundisha kazi za kurudiwa maisha yangu yote. Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, hakuridhika nayo, akairekebisha mpaka ikatoka Juliasi Kaizari mwaka 1969. Mwaka huohuo akatoa The Merchant of Venice, na jina akaliita Mabepari wa Venisi. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha! Neno bepari lina asili ya Kigujarati, maana yake mfanyabiashara tu, kwa hiyo huwezi kumshika kwamba kapotosha. Lakini mwaka 1969 msomaji wa Tanzania akiona neno lile kwenye jalada anashtuka, anajiuliza hii inamhusu nani. Huo ndio uaminifu ninaousema.

Na msinicheke nikimtaja Lufufu. Mjomba wangu alikuwa na deki na kanda zake, zile muvi za kigeni ambazo Lufufu anakaa juu yake anasimulia kwa Kiswahili, anaonya, anatania, anamwambia adui asichokijua. Wasomi wa chuo wanaona aibu kusema walilelewa na sauti ile. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo, kazi ni hiyohiyo. Lufufu hakuwa na uwezo wa kupiga hata picha moja upya. Ila alijua nani kakaa kwenye mkeka, anajua nini na hajui nini, na akaisema hadithi kwa ajili ya hao. Angepewa Psycho nadhani angetuapia kwamba Marion ndiye stelingi, tutulie, hafi huyu.

Nilimweleza Mgosi leo asubuhi habari ya tundu, maana shoga yangu alisema tusipowaambia wataendelea kucheka. Alinyamaza. Akauliza bafu lipi. Saa kumi jioni karudi na kipande cha bati, nyundo ya kuazima na misumari mdomoni, akaanza kugonga bila kuniangalia. Baba mwenye nyumba katoka, kasimama mlangoni, kaangalia, karudi ndani.

Alipofika msumari wa mwisho Mgosi akautoa mdomoni, akasema, "Lakini Ticha, ya rangi bado kali."

Nimempa karanga zilizobaki. Ndoo yangu ya maji ipo mlangoni, naenda kuoga.