Prado iliyotumika: mnada mmoja wa Japani, bei tatu za Afrika Mashariki

Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 2018, yenye injini ileile na rangi ileile, huweza kutajiwa bei tatu katika siku moja: ya kwanza mjini Mombasa, ya pili Dar es Salaam, na ya tatu Bujumbura. Wauzaji wote watatu huapa kwamba faida yao ni ndogo, na si ajabu wote wakawa wanasema kweli. Uroho wa mfanyabiashara hautoshi kuieleza tofauti hiyo. Imefumwa kwa viwango vya kodi, upatikanaji wa fedha za kigeni, umri wa gari na urefu wa barabara, kiasi kwamba anayelinganisha bei za nchi jirani kwa kutazama namba ya mwisho peke yake hulinganisha vitu visivyofanana.

Jambo hili si dogo kwa wakazi wa Burundi. Kwa mfanyabiashara wa Buyenzi au familia iliyochangishana akiba ya miaka kadhaa, gari kubwa la aina hii huwa mali ya pili baada ya nyumba. Ndugu aliyeko Dar es Salaam hutuma picha kwa simu, dalali wa Nairobi hutuma zake, na aliyeko Bujumbura hubaki na maswali usiku kucha. Fedha ikishatumwa nje, kurudi kwake ni kwa taabu.

Safari ya bei huanzia minadani Japani. Prado ya kizazi cha 150 ilianza kuuzwa huko mwaka 2009, ikafanyiwa marekebisho ya sura mwaka 2013 na tena 2017, kisha mwaka 2024 nafasi yake ikachukuliwa na ile ya kizazi cha 250. Tangu mwaka 2015 mnunuzi wa Japani alikuwa na chaguo la injini mbili: ya petroli ya lita 2.7 na ya dizeli ya lita 2.8. Mambo mawili yalitikisa soko hilo katika miaka ya karibuni. La kwanza ni kushuka kwa yeni, ambayo mwaka 2021 ilikuwa karibu 110 kwa dola moja na katikati ya mwaka 2024 ikavuka 160. Mwenye dola mkononi alipata nafuu hata pale bei ya mnadani ilipopanda kwa yeni. La pili ni uamuzi wa Japani wa Agosti 2023 wa kuzuia kupelekwa Urusi kwa magari yenye injini inayozidi lita 1.9. Urusi ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa magari yaliyotumika ya Japani, na kwa mteja huyo kufungiwa mlango, waagizaji wa kwingine walibakiwa na washindani wachache zaidi kwa magari makubwa. Kwa hiyo muuzaji anayedai kwamba bei imepanda kwa sababu ya Japani anapaswa kuulizwa anazungumzia Japani ya mwezi gani.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya tofauti huzaliwa bandarini, na Kenya ni mfano ulio wazi kuliko wote. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari nchini humo umekuwa asilimia 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa magari mengi yanayozidi sentimita za ujazo 1,500, lakini hupanda hadi asilimia 35 kwa magari ya petroli yanayozidi 3,000 na ya dizeli yanayozidi 2,500. Kisha huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kila kodi hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa kodi iliyotangulia, na hapo ndipo hesabu inapovimba.

Tuchukue gari ambalo thamani yake forodhani ni 100, katika fedha yoyote ile. Prado ya petroli, yenye sentimita za ujazo 2,693, itatoka bandarini ikiwa imefikia takribani 196, bila kuhesabu ada ndogondogo. Ile ya dizeli, yenye 2,754, itafikia takribani 211. Injini hizo zimetofautiana kwa sentimita za ujazo 61 tu, sawa na vijiko vichache vya maji, lakini kwa kuwa moja inatumia dizeli, imevuka mpaka wa sheria na kulipishwa 15 zaidi. Mnunuzi asiyelijua hili hudhani kwamba dizeli inauzwa ghali kwa sababu ni bora. Ubora huenda upo, ila sehemu ya fedha hizo haikununua ubora wowote. Iliingia katika hazina ya serikali.

Tena, thamani hiyo ya forodhani haitokani na risiti ya mnunuzi. Mamlaka ya Mapato ya Kenya hutumia orodha yake ya bei za magari mapya, kisha hupunguza kwa kadiri ya umri. Aliyebahatika kununua kwa bei nafuu mnadani hulipa kodi ileile anayolipa aliyenunua kwa bei ghali. Orodha iliyotumika tangu mwaka 2020 ilipotangaziwa mrithi mwaka 2025, waagizaji walipinga vikali na suala likafika mahakamani. Mabishano ya aina hii huwa na athari yake sokoni: yadi hupandisha bei kwa hofu ya kesho, hata kwa magari yaliyolipiwa kodi ya jana.

Kenya pia hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025, lililosajiliwa kabla ya 2018 halikuruhusiwa kuingia. Matokeo yake ni kwamba Prado iliyokwisha kutembea barabara za Kenya kwa miaka sita au saba haishuki bei kama ingekuwa Japani. Bei yake haifuati alichotoa mwenyewe alipoinunua. Inafuata gharama ya kuleta nyingine mahali pake leo. Kodi ikipanda, gari kuukuu lililoegeshwa uani hupanda thamani bila kufanyiwa lolote. Shilingi ya Kenya ilipofikia karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2024, bei za yadi zilikuwa na sababu ya kupanda. Ilipopata nguvu na kurejea karibu 130 mwaka huohuo, sababu hiyo iliondoka, na mnunuzi ana haki ya kuuliza ni lini hasa gari liliingia na kwa kiwango gani cha fedha.

Tanzania ina mantiki nyingine. Haikuweka ukomo mkali wa umri, bali huadhibu umri kwa kodi. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari la kawaida la abiria linalozidi sentimita za ujazo 2,000 hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Likifikisha miaka minane huongezewa ushuru wa asilimia 15, na likizidi miaka kumi asilimia 30. Gari la thamani ya 100 hufika 162 likiwa na miaka saba, 184 likiwa na minane, na 206 au zaidi likizidi kumi.

Hesabu hiyo huzaa jambo ambalo wengi huliona kama utapeli. Prado ya miaka kumi na moja iliyofika Dar es Salaam kwa 80 itagharimu 165 baada ya kodi, yaani zaidi kidogo ya ile ya miaka saba iliyofika kwa 100. Muuzaji wa gari kuukuu anayetaja bei sawa na ya gari jipya zaidi anaweza kuwa mkweli kabisa. Lakini ukweli wake haumlazimu mtu kununua. Gharama ya muuzaji na thamani ya gari kwa mnunuzi ni mambo mawili, na katika soko hili mara nyingi hutengana.

Hapa ndipo mkazi wa Bujumbura anapokosea mara nyingi zaidi. Prado iliyosajiliwa Tanzania, yenye namba za Tanzania, imebeba ndani ya bei yake kodi za Tanzania. Ikihamishiwa Burundi moja kwa moja, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani vilivyolipwa Dar es Salaam havivuki mpaka pamoja nayo. Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, itadai vyake. Bei iliyo halali kwa mkazi wa Kinondoni huwa mzigo maradufu kwa mkazi wa Buyenzi. Bei anayopaswa kuitazama ni ile ya gari lililofikishwa bandarini pamoja na bima na nauli ya meli kabla ya kodi yoyote, kisha aongeze gharama za bandari, wakala wa forodha, safari hadi Kobero, na kodi za Burundi.

Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 1,000. Magari yanayopita Tanzania kwenda nchi nyingine, ambayo Watanzania huyaita magari ya IT, aghalabu huendeshwa na madereva wa kukodiwa wanaolipwa kwa safari, wala hawalipwi kwa upole wa mguu. Kusoma kilomita pale bandarini na kuzisoma tena Kobero ni kinga ya bure. Zikizidi sana umbali wa barabara, gari limefanya kazi nyingine njiani.

Nchi nyingine jirani hazitoi kipimo kilicho bora. Uganda ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2018 uingizaji wa magari yanayozidi miaka 15, na hutoza magari makuukuu tozo ya mazingira iliyo nzito, hivyo bei ya Kampala ina umbo lake yenyewe. Rwanda hairuhusu kuingiza gari binafsi lenye usukani wa kulia, kwa hiyo Prado ya Kigali kwa kawaida haikutoka katika mnada uleule wa Japani. Imetoka Ghuba au Ulaya, mara nyingi ikiwa na injini na vifaa tofauti. Burundi nako huendeshwa upande wa kulia wa barabara, ila usukani wa kulia unakubalika, na abiria wa mbele ndiye anayechungulia wakati wa kulipita lori.

Ndani ya Burundi, bei ikitajwa kwa faranga haijakamilika mpaka ijulikane dola ilipatikana wapi. Pengo kati ya kiwango rasmi cha benki na kile cha soko lisilo rasmi limekuwa kubwa kiasi cha kuifanya bei moja ionekane ya haki kwa hesabu hii na ya dhuluma kwa hesabu ile. Aliyeagiza kwa dola ya nje ya benki ataidai, na hana namna nyingine. Uhaba wa mafuta nao umeingia katika mizani. Gari la tani mbili lenye injini ya petroli ya lita 2.7 ni mteja wa kudumu wa kituo cha mafuta, na siku ambazo foleni hulala usiku, gari hilo hulala pia.

Dizeli hunywa kidogo, lakini ina deni lake lililofichika. Prado ya dizeli iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina kichujio cha moshi na tangi la kimiminika cha AdBlue, mfumo uliobuniwa kwa mafuta safi na safari ndefu. Mafuta ya kwenye madumu, yasiyojulikana asili yake, huziba kichujio hicho, na AdBlue haipatikani kila mahali. Kifaa hicho kikiwa kimeshaharibika, bei ya haki hushuka kwa gharama ya kukirekebisha, hata kama rangi inang'aa.

Kilomita zilizoandikwa dashibodini ndizo rahisi zaidi kughushiwa. Japani hulazimisha ukaguzi wa gari binafsi baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili, na cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje huonyesha kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa karibuni. Karatasi ya mnada nayo hutoa alama ya hali ya gari: herufi R kwa kawaida humaanisha liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hata moja kati ya karatasi hizo anauza maneno. Chini ya gari, fremu ya chuma inastahili tochi na dakika kumi za kulala chali, kwa kuwa magari ya kaskazini mwa Japani hupita katika barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu huanza mahali ambapo picha za simu hazifiki.

Bei iliyo chini mno nayo ina hadithi yake. Mwaka 2015 wachunguzi wa Uingereza walifuatilia Lexus kubwa iliyoibwa nchini mwao kwa kifaa chake cha kujulisha mahali lilipo, ikapita Ufaransa, Oman na Mombasa hadi kuonekana Kampala, pamoja na magari mengine ya kifahari yaliyoibwa. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu lazima ilingane na ya cheti cha Japani, ya hati ya bandari ya Dar es Salaam na ya karatasi za Kobero. Pale tarakimu moja inapotofautiana, kiasi cha kupunguziwa hakina maana tena, kwa kuwa aliyenunua gari la wizi hupokonywa gari, na fedha hubaki kwa aliyeuza.