Baridi Isiyohitaji Barafu

Sisi tuliozoea kubeba kuni na maji kichwani tunashangaa kusikia kwamba huko Sweden wapo watu wanaolipa fedha ili wakafanye kazi hiyo hiyo wakati wa likizo. Kaskazini mwa nchi hiyo ipo njia ya miguu iitwayo Kungsleden, yaani Njia ya Mfalme, yenye kilomita zaidi ya 400 kutoka Abisko hadi Hemavan. Katika sehemu kubwa ya njia hiyo vipo vibanda vya mbao, kimoja hadi kingine mwendo wa siku moja. Familia hufika jioni, baba huchanja kuni, watoto huteka maji kijitoni. Asubuhi hawaondoki kabla ya kufagia na kuacha kuni na maji kwa ajili ya wageni wasiowajua. Hapo tunawapongeza.

Lakini sisi wauguzi tunatazama zaidi baridi. Hata mwezi wa Julai, ambao kwao ni kiangazi, mvua na upepo wa mlimani vinaweza kumpoza mtu aliyelowa mpaka akafa. Kwanza hutetemeka. Vidole hushindwa kufunga kifungo, ulimi huwa mzito, kisha huwa mkaidi, au hutaka akae tu apumzike. Mwenyewe hajui kwamba amezidiwa, kwa sababu akili nayo imepoa. Kwa hiyo mama humtazama kila mtoto usoni njiani, na akiona dalili hasubiri kufika kibandani. Amkinge na upepo, amvue nguo zilizolowa, amvishe kavu, kichwa kisisahauliwe. Akiwa anameza vizuri apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe kamwe, wala asisuguliwe mikono na miguu.

Mwezi Februari 1978, katika milima ya Anaris mkoani Jämtland, watu 9 waliokuwa wakisafiri kwa mbao za kutelezea thelujini walikutwa na dhoruba. Walikufa 8. Mmoja tu ndiye aliyenusurika.

Mzigoni, nguo ya sufu ni bora kuliko ya pamba, maana pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Seti moja kavu ya kila mtu, pamoja na soksi, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Hiyo haiguswi mchana hata mtoto akiililia. Ni ya kulalia kibandani, au ya saa ile mtoto anapoanza kusema maneno yasiyoeleweka.