Tangi la Lita 500 Lililopungua

Shida ya maji mitaani mwetu waijua. Mfereji ukikauka, sisi humwita mchuuzi atujazie tangi letu la bati kwa mpira. Tangi lenyewe tuliuziwa kuwa la lita 500, kwa hivyo kila likijaa tulimlipa bei ya mitungi 25 ya lita 20.

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa akihangaika na hesabu za ujazo wa silinda. Nikamwambia, "Weka kitabu kando, kapime tangi." Alichukua utepe ambao mama yake hupimia nguo. Kipenyo cha ndani, sentimita 70. Kimo, sentimita 120.

Kanuni aliijua: pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara kimo. Lakini kwa pupa alitumia kipenyo kizima, akapata lita 1,848! Mama yake aliangua kicheko. "Mwanangu, hayo ni maji ya ploti nzima!" Haraka haraka haina baraka. Ukisahau kugawa kipenyo kwa mbili, jibu huwa mara nne ya lile la haki.

Akaanza upya. Nusu kipenyo ni 35. 35 mara 35 ni 1,225. Mara 22/7 ni 3,850. Mara kimo, 120, ni sentimita za ujazo 462,000.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza tena. Kwa kuwa mita moja ni sentimita 100, wao hugawa kwa 100 ili wapate mita za ujazo. La hasha! Ujazo una urefu, upana na kimo. Mita moja ya ujazo ni 100 mara 100 mara 100, yaani sentimita za ujazo 1,000,000. Na lita moja ni sentimita za ujazo 1,000. Basi tangi letu ni lita 462.

Hiyo ni mitungi 23 na lita mbili. Kumbe kila mara tulilipia lita 38 za hewa!

Mchuuzi alipokuja nilimwonyesha hesabu. Akakuna kichwa. "Mzee, si ninyi mlioniambia ni lita 500?" Kweli, kosa lilikuwa letu. Siku hizi tunamlipa mitungi 23, na zile lita mbili ametusamehe.

Mzazi, mpe mwanao utepe leo. Hesabu si ya mtihani pekee.