Konsoli kibandani, kompyuta nyumbani

Ubishi wa kompyuta na konsoli hauishi, na wabishi wengi hupima nguvu za mashine wakasahau mfuko wa mchezaji.

Desemba 2020 ilitoka gemu ya Cyberpunk 2077. Kwenye kompyuta zenye nguvu ilikwenda vizuri. Kwenye PlayStation 4 ilikwamakwama hadi Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, ikairudisha Juni 2021. Mashabiki wa kompyuta walicheka. Haya, wangapi walikuwa na kompyuta ya aina hiyo? Kadi ya grafiki peke yake huweza kuzidi bei ya konsoli nzima.

Ndiyo maana vibanda vya gemu Dar es Salaam na Nairobi vimejaa PlayStation. Vijana wawili, pedi mbili, televisheni moja, mechi ya mpira. Aliyefungwa anampisha anayesubiri kwenye benchi. Kompyuta haina raha hiyo.

Anayenunua mashine ya nyumbani ni habari nyingine: achukue kompyuta, hata ya kawaida. PlayStation hudai ada ya uanachama ili kucheza michezo mingi mtandaoni, Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, haidai. Punguzo la bei huko ni la mara kwa mara. Na kazi za shule za mtoto huandikwa kwenye kompyuta hiyo hiyo.