Moshi mweusi wa mashine ni fedha inayopaa

Mwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli wilayani Wanging'ombe hufunga hesabu zake kwa madebe yaliyosagwa na lita zilizotumika. Ipo gharama moja isiyoingia kwenye daftari, nayo ni moshi mweusi. Huo ni mafuta yaliyolipiwa lakini hayakuungua sawasawa.

Injini ya dizeli haina plagi. Pistoni hubana hewa mpaka inapata moto mkali, kisha nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Mambo matatu huamua matokeo: kiasi cha mafuta, ulaini wa ukungu huo na wakati wa kupuliza. Nozeli iliyochoka hudondosha matone, na matone hayaungui yote, huacha masizi. Mafuta yakiingia mapema mno injini hugonga na kutoa zaidi gesi za naitrojeni zinazodhuru kifua. Yakichelewa, nguvu hupungua na joto hupotelea kwenye ekzosi.

Kwa wakazi wa nyanda za juu kuna jambo la ziada. Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni ndogo kwa takriban asilimia 20 kuliko pwani. Pampu iliyopimwa Dar es Salaam ikiletwa huku bila kurekebishwa humwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Kwa hiyo mashine ikilemewa na fundi akafungulia pampu ili "ipate nguvu", mara nyingi kinachoongezeka ni moshi.

Tuchukue mfano. Mashine inatumia lita 10 kwa siku, na kwa sababu ya nozeli mbovu lita moja inapotea. Kwa bei ya Sh2,800 kwa lita na siku 26 za kazi, hasara ni Sh72,800 kwa mwezi, sawa na Sh873,600 kwa mwaka. Kabla ya kupandisha bei ya kusaga debe, mwenye mashine aulize kwanza fundi pampu anatoza kiasi gani kupima nozeli.

Hasara nyingine humpata mteja. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kina mama na watoto wanaosubiri unga ndani ya kibanda cha mashine huuvuta moshi huo bila kujua.

Wafanyabiashara wanaosafirisha viazi na mbao kupitia Makambako nao wanahusika. Malori yenye mfumo wa komoni reli, ulioanza kutumika kwenye malori nchini Japani mwaka 1995, hupuliza mafuta kwa mafungu: kidogo kwanza ili injini isigonge, kisha fungu kubwa, na mengine huongeza kidogo mwishoni ili kuunguza masizi. Moshi hupungua, lakini nozeli zake hazivumilii uchafu. Dizeli ya kwenye madumu, yenye maji au iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, huziharibu haraka, na kuzibadilisha ni ghali. Anayenunua lori la aina hiyo ahesabu pia gharama ya kupata mafuta safi kila safari.

Ushauri ni huu. Safisha au badilisha chujio la hewa kabla ya kugusa pampu. Acha dizeli ya kwenye dumu itulie, kisha uichuje. Nozeli ipimwe kabla ya msimu wa mavuno, siyo mashine ikishazimika wateja wakiwa foleni. Bomba la ekzosi litoke nje na kupita juu ya paa. Na fundi akitaka kuongeza mafuta, mwambie apime nozeli kwanza.